Sura ya Saba: Kutwa Nzima Kwihara

Usiku wa kuamkia siku ile tulitazama filamu. Tulikuwa tumeshuka Tabora jioni kwa treni ya kutoka Dar es Salaam, tumechoka, vumbi limetushika mpaka kwenye kope, lakini mwenzangu alikuwa ameshaweka nia: kabla hatujakanyaga Kwihara, alikokaa Stanley akiwa njiani kumtafuta Livingstone, kwanza tuone watu wa sinema walivyoieleza safari ile. Basi tukakaa kitandani katika nyumba ya wageni, kompyuta juu ya mto, tukaitazama Stanley and Livingstone, filamu ya kampuni ya 20th Century-Fox iliyotoka mwaka 1939. Mwongozaji ni Henry King. Spencer Tracy ndiye Stanley, na Cedric Hardwicke ndiye Dk. Livingstone.

Mandhari mengi ya filamu hiyo ni ya kwetu kweli. Osa Johnson, mwanamke Mmarekani aliyezoea kupiga picha za wanyama Afrika pamoja na mumewe Martin, alikuja tena baada ya kufiwa na mume huyo mwaka 1937, safari hii akiwaongoza wapiga picha wa kampuni katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Waigizaji wakuu walibaki Marekani. Yule unayemwona kwa mbali akikata nyika ni mtu mwingine aliyevalishwa nguo za Stanley; uso wa Tracy unapokuja karibu, umeshafika California.

Katikati ya filamu, msafara ukiwa unapanda kilima kwa mstari mrefu, mwenzangu akaniambia, "Baba, simamisha hapo." Nikasimamisha. Akawaangalia wale watu waliojitwisha mizigo, mmoja mmoja, kama anayetafuta jamaa yake kwenye picha ya harusi. "Hawa wana majina?"

Filamu haikuwa na jibu. Akasema, "Kesho tutawatafuta huko huko walikopita."

Inafaa nieleze kwa nini swali lile lilimgusa. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, yeye ni Mnyamwezi wa Sikonge. Wanaojua mambo ya utani wataielewa nyumba yetu mara moja. Utani wa makabila haya mawili ulizaliwa na njia ya misafara: Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, Wazaramo wakawa wenyeji wao mwishoni mwa safari, wakauziana, wakapigana, wakazikana, wakaoana, na mwisho wakapeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Tuna miaka 31 ya ndoa na bado ndugu zake wakija nyumbani hunidai ushuru wa kupita. Sisi wawili ni miisho miwili ya njia moja. Ila kati yetu ni upande wake uliobeba mizigo.

Na kuna jambo la pili lililotupeleka Kwihara. Binti yetu anasoma Marekani, na mwaka juzi wenzake walimchukua kwenda kutembea Florida, katika bustani ya burudani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Ndani ya bustani ile upo mji mzima wa Afrika Mashariki wa kutengenezwa. Jina lake ni Harambe, yaani harambee yetu iliyopunguziwa herufi moja. Binti alitutumia picha nyingi: kuta za mji wa pwani zilizochakaa kwa makusudi, rangi imebanduliwa na mafundi waliolipwa kuibandua, maneno ya Kiswahili kwenye vibao, mwaka 1961 umeandikwa kama mwaka wa uhuru wa mji huo usiokuwepo, stesheni ya treni, na magari ya kwenda kutazama wanyama, yanayoitwa safari za Kilimanjaro. Wabunifu wake walikuja kweli Afrika Mashariki kutazama miji kama Lamu kabla hawajachora. Pembeni kuna onyesho la The Lion King, ile filamu ya mwaka 1994 iliyoifundisha dunia nzima kusema hakuna matata.

Sikuzitazama picha zile kwa dharau. Mafundi wale walifanya kazi kwa macho makini, na mtoto wangu alipousikia wimbo wa Kiswahili mahali pale, mbali na nyumbani, alilia. Lakini mwenzangu alikaa na simu mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Watu wanapanda ndege kwenda kuona stesheni ya bandia, na sisi stesheni ya kweli tunaipita usiku tumelala." Kauli hiyo ndiyo iliyotukatia tiketi.

Tulikubaliana siku hiyo iwe ya kwenda polepole. Hakuna kukimbizana, hakuna orodha. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa kwa chapati, na badala ya sukari tukatumia asali, maana Tabora asali haikai mbali na kikombe. Inauzwa barabarani kwenye chupa zilizopangwa kama askari, ile ya nyuki wakubwa na ile ya nyuki wadogo, iliyo nyepesi na yenye uchachu kidogo, ambayo wazee huiweka kama dawa. Mama muuzaji alitusalimu "Mwangaluka," na mwenzangu alipoitikia kwa Kinyamwezi cha Sikonge, bei ikashuka pale pale. Nilipofungua mdomo mimi, ikapanda tena.

Mjini hatukukaa sana. Boma la Wajerumani liko mikononi mwa jeshi, tukalitazama kwa mbali na kamera tukaiacha mkobani. Tulisimama kidogo kuukumbuka mkutano wa TANU wa Januari 1958, ambapo Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake wakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimu kila mpiga kura amchague Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Tabora inauita Uamuzi wa Busara, na ni haki yake kujivunia. Lakini hiyo ni sura nyingine. Saa tatu tulikuwa kwenye bajaji, tunaelekea kusini-magharibi.

Barabara ya Kwihara ni ya vumbi na miembe. Niiseme miembe vizuri, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza ambacho bustani ya bandia isingeweza kukuonyesha: miti mikubwa, minene, mizee, imesimama kwa foleni isiyonyooka sana, kama watu waliopumzika bila kutua mizigo. Wenyeji husimulia kwamba iliota kwa kokwa zilizotupwa na waliopita. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshapiga, embe zimeanza kuiva. Tulimwomba dereva asimame. Watoto walikuwa wanaangua kwa mti mrefu, tukanunua sita, tukala tumesimama, maji ya embe yakitutiririka hadi viwikoni.

Pale chini ya mwembe alipita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, ndoo ya lita 20, mgongo wima, mikono imeachia. Mwenzangu alimfuata kwa macho mpaka akapotea. "Ile ni kilo 20," akasema. "Mpagazi alibeba ngapi?"

Hili nilikuwa na jibu lake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na kitu, ukiacha mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Ni ndoo moja na nusu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani hapa, Stanley na watu wake walitumia miezi mitatu. Na kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ambako njia inaishia ziwani, ni kama kilomita 1,200. Kupanda walibeba nguo, shanga na nyaya; nguo nyeupe ya pamba waliyoithamini kuliko zote iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka kwenye viwanda vya Marekani. Kushuka walibeba pembe za ndovu. Na katika misafara mingi ya kushuka walikuwamo pia watu waliofungwa, wasiolipwa posho wala wasiojua wanaenda wapi. Njia ile ile, vumbi lile lile, mmoja ni mfanyakazi aliyejadili ujira wake, mwingine ni mtumwa. Anayeisimulia njia hii kwa kumtaja mmoja tu amesimulia nusu.

Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii kabla Mzungu yeyote hajaiona. Walikuwa na kirangozi wa kutangulia mbele kwa mavazi ya fahari, walikuwa na ngoma, walikuwa na desturi za kukataa kuondoka kambini ikiwa posho ni pungufu. Vijana wao walihesabiwa kuwa wanaume baada ya kuiona bahari. Mwenzangu anakumbuka bibi yake akimsema mvulana mvivu kwamba hajafika pwani. Watoto wa leo, alisema, wanafika pwani kwa basi na hakuna anayewapigia vigelegele.

Na Tabora haikuwa kituo cha kupumzikia tu. Ilikuwa njia panda. Njia moja ilikwenda magharibi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine ikashuka kusini-magharibi kuelekea nchi za shaba. Waarabu wa Oman na Unguja walikuwa wameweka makazi yao humu katikati ya karne ya 19. Baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alikuwa mmoja wao. Richard Burton na John Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857, wakaiita Kazeh, wakakaribishwa kwa ukarimu na tajiri mmoja aliyeitwa Snay bin Amir. Kutoka hapa Speke alikwenda peke yake kaskazini mwaka 1858 akaliona ziwa ambalo wakazi wake walikuwa wameliona tangu kuzaliwa, akalipa jina la malkia wake. Hata safari hiyo ina filamu yake, Mountains of the Moon ya mwaka 1990, iliyopigwa Kenya.

Tembe la Kwihara halijifichi wala halijitangazi. Unafika, unaona nyumba ya udongo yenye rangi nyekundu iliyokolea, paa bapa, mlango wa nakshi kama wa Unguja, na mwembe mbele. Limejengwa upya mahali pake pa zamani na sasa ni makumbusho madogo. Kijana wa pale alitukaribisha, akatuzungusha vyumbani bila haraka, kisha akatuachia baraza tukae tunavyotaka. Siku ile hapakuwa na mgeni mwingine. Upepo ulipita, njiwa walikuwa juu ya paa, na kwa saa nzima hakuna aliyetuambia tuondoke.

Humu ndimo alimokaa Stanley kuanzia tarehe 23 Juni 1871. Alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, ameagizwa amtafute Livingstone, naye njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikawa imefungwa. Aliyeifunga ni Mirambo.

Filamu za wageni zingetuambia nini kuhusu Mirambo kama si adui msituni? Lakini huyu alikuwa mtawala mwenye hesabu. Alitoka katika utemi mdogo wa Uyowa, akakusanya vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, akajenga dola magharibi mwa Tabora na makao yake yakawa Urambo. Alitaka misafara inayopita kwake ilipe, na alitaka biashara isiwe ya Waarabu wa Unyanyembe peke yao. Agosti 1871 Waarabu walimwendea vitani, na Stanley, kwa haraka yake, akaenda pamoja nao. Walishindwa vibaya. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuteketeza sehemu yake. Stanley akiwa humu Kwihara aliona moshi, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani, akangoja. Mirambo hakuja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, watu hao wawili walikutana na kuchanjiana damu, wakawa ndugu. Hilo ni tukio ambalo ningelipa fedha kuliona katika filamu nzuri, iliyopigwa hapa hapa, kwa Kinyamwezi na Kiswahili.

Tarehe 20 Septemba 1871 Stanley aliondoka akizunguka kusini ili kumkwepa Mirambo, na kwa hesabu yake alifika Ujiji tarehe 10 Novemba. Salamu aliyoisema pale, "Dk. Livingstone, bila shaka?", kila mtoto wa shule anaijua. Ajabu ni kwamba kurasa za shajara yake za siku ile zilichanwa, na Livingstone naye hakuiandika salamu hiyo. Inawezekana kabisa kwamba sentensi mashuhuri kuliko zote za Ujiji ilitungwa baadaye mezani.

Wote wawili walirudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872, wakakaa pamoja katika nyumba hii. Mwezi uliofuata, tarehe 14, Stanley akaondoka kwenda pwani na kwenda kupata umaarufu. Mzee Livingstone akabaki, anangoja wapagazi ambao Stanley ameahidi kumtafutia. Alingoja miezi mitano. Walifika 57, wakaondoka naye tarehe 25 Agosti 1872, na hakurudi tena akiwa hai.

Mwenzangu hakuvutiwa sana na hadithi ya kungoja. Alikuwa amekaa barazani na daftari, anaandika majina. Nilimsomea yale niliyokuwa nimeyanakili kutoka kwenye kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, maana Stanley, pamoja na ukali wake wa kiboko, alikuwa na tabia moja ya mwandishi wa habari: aliwaorodhesha watu wake. Bombay, mkuu wa askari. Mabruki. Ulimengo. Asmani, aliyetangulia njiani. Feraji, mpishi. Mwenzangu aliyaandika kwa herufi kubwa, jina moja kwa mstari.

Bombay ana maisha ya kujaza vitabu viwili. Alizaliwa Uyaoni, akakamatwa utotoni akauzwa, akapelekwa India, akaachwa huru bwana wake alipokufa, akarudi Unguja. Alitembea na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron, ambaye naye alivuka bara zima kutoka pwani yetu hadi bahari ya Atlantiki. Hakuna hata mmoja wa mabwana hao aliyefanya safari zote hizo nne. Bombay alizifanya.

Na tukamfikia yule ambaye kwa ajili yake niliiandika sura hii.

Humu Unyanyembe mwaka 1871 mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimzawadia Stanley mtoto mtumwa. Jina lake Stanley aliliandika Ndugu M'Hali, akaeleza kwamba maana yake ni mali ya ndugu. Jina hilo halikumpendeza, akawauliza watu wake wamtafutie jingine, na Ulimengo akapendekeza Kalulu, jina la mnyama mdogo mwepesi wa mbio. Mtoto akawa Kalulu. Alikuwa mdogo sana, pengine wa miaka sita au saba. Alijifunza kumwandalia bwana wake chakula na kumshikia bunduki, akafika Ujiji, akarudi Kwihara, akateremka pwani. Kisha akapanda meli. Alifika Uingereza na Marekani, akaingizwa shule London, akapigwa picha nyingi studioni akiwa amesimama na Stanley mbele ya mandhari ya Afrika yaliyochorwa kwenye kitambaa. Mwaka 1873 Stanley alitoa kitabu cha hadithi kilichobeba jina lake. Na katika jumba la Madame Tussauds, yule mtoto aliyetoka hapa Unyanyembe aliwekwa sanamu yake ya nta, watu wakalipa kiingilio kuitazama.

Nilipomaliza kusema hivyo mwenzangu alifunga daftari.

Kabla Disney hajazaliwa, kabla ya sinema, mtoto wetu alikuwa tayari ni burudani. Wageni walimzunguka akiwa nta. Mwenyewe, mwenye damu, alirudishwa Afrika katika msafara mkubwa wa pili wa Stanley, akapita tena njia ya bara, na Machi 1877 mtumbwi wake ukachukuliwa na maporomoko ya mto Kongo. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili. Stanley aliyaita maporomoko yale kwa jina lake. Siyo jina la kwanza lakini. Lile la pili, alilopewa.

"Ndugu Mali," mwenzangu akasema taratibu, akilirekebisha jina lirudi kwenye Kiswahili. Akafungua daftari akaliandika hilo kwanza, na Kalulu kando yake.

Tulikula saa nane chini ya mwembe. Tulikuwa tumebeba kuku wa kienyeji kutoka mjini, michembe na karanga, na yule kijana wa makumbusho tukamkaribisha, akakataa mara mbili kwa adabu na mara ya tatu akakaa. Hapo ndipo mwenzangu alipoyatoa ya moyoni. Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vya njia hii vilivyo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Nchi imeshakubali kwamba njia hii ni hazina. Basi nini kiongezwe? Hakutaka magari ya umeme wala watu waliovaa kama Stanley. Alitaka vitu viwili. Cha kwanza ukuta wa majina: kila mpagazi, askari, mpishi na mtoto ambaye jina lake limepatikana, na nafasi tupu, kubwa, kwa wale ambao halikupatikana. Cha pili mzigo. Mzigo wa kweli, frasila mbili, umefungwa kwa nguo na kamba kama wa zamani, na mgeni aambiwe: jitwishe, tembea kutoka mwembeni hadi mlangoni.

"Watoto watacheka," nikasema.

"Waache wacheke. Wakifika mlangoni watakuwa wameelewa."

Yule kijana alikuwa amesikiliza kimya. Akauliza kama tunajua kwamba maiti ya Livingstone nayo ilipita hapa. Tunajua, lakini tukamwachia asimulie, kwa sababu alisimulia vizuri kuliko kitabu. Mzee alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, Susi na Chuma wakiongoza, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa, maana njia ni ya hatari na mtu ameshakufa. Wakakataa. Afisa mwenye bendera na barua za wakubwa alisema azikwe. Wapagazi wakasema anakwenda kwao. Februari 1874 wakaukabidhi mwili Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili akazikwa Westminster Abbey. Jacob Wainwright, mmoja wao, alisimama kaburini. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.

Kijana alimaliza, akatazama chini, akasema, "Wangemzika hapa, tungekuwa na watalii wengi sana." Kisha akafikiri, akaongeza, "Lakini walimaliza kazi yao."

Mwenzangu aliandika Susi, Chuma, Wainwright.

Jua lilipolegea tulirudi mjini, na kwa kuwa siku ilikuwa yetu tukaenda kukaa stesheni, kutazama tu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mzigo ukatoka kichwani mwa Mnyamwezi ukaingia behewani. Kwenye reli hii vilipita vipande vya meli ya Kijerumani Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma na kuelea mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 ikawa Liemba. Vita ya meli katika Ziwa Tanganyika ndiyo iliyompa C. S. Forester wazo la riwaya yake ya The African Queen, riwaya ikawa filamu ya mwaka 1951 iliyopigwa Kongo na Uganda, na filamu ikawapa mafundi wa Disney wazo la boti za Jungle Cruise, katika bustani ya kwanza ya Disneyland, California, mwaka 1955. Boti zile hupita kwenye mto wa kuchimbwa, zikiongozwa na reli iliyofichwa chini ya maji, kati ya viboko wa mashine. Ukizifuata nyuma hatua kwa hatua, unafika Kigoma, na kabla ya Kigoma unapita jukwaa hili tulilokuwa tumekalia, tukitafuna karanga.

Mwenzangu alimtumia binti yetu picha tatu: mwembe, mlango wa nakshi, na ukurasa wa daftari wenye majina ya watu tisa. Jibu lilikuja usiku. Aliomba tumrudie jina la yule mtoto, lile la kwanza.

Msomaji, treni ya Tabora ipo. Shuka, lala, amka na chai ya asali, uende Kwihara asubuhi kabla jua halijakolea. Usiipe saa moja, ipe kutwa nzima. Ukienda na mwenzako, bebeni daftari. Ukienda na mtoto, mfungie mzigo wa kiasi chake, na umwache aubebe mwenyewe kutoka mwembeni hadi mlangoni.